Kurudisha misuli ya miguu wakati maumivu sugu bado yanatulia

Mimi ni fundi cherehani hapa Ujiji. Futikamba imekaa shingoni mwangu zaidi ya miaka 20, na ndiyo iliyonitolea ukweli kuhusu miguu yangu. Kuna suruali niliyojishonea kwa ajili ya Idi, ikanikaa mapajani barabara. Nilipoivaa tena baada ya miaka miwili ya kuuguza kiuno, ilipwaya kama ya kuazima. Nikajipima. Paja lililokuwa sentimita 52 lilikuwa limebaki 47 na nusu.

Maumivu yalianzia kiunoni yakashuka miguuni, leo kulia, kesho kushoto, keshokutwa kwenye unyayo. Nilipiga picha, nikaambiwa pingili zimesagika. Kauli hiyo ilinikaa kichwani kuliko maumivu yenyewe. Nikaanza kutembea kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Cherehani ya kukanyaga nikamwachia kijana wangu wa kazi. Kilima cha kutoka stesheni kwenda Mwanga nikawa nakipanda kwa bodaboda. Msikitini nikawa mtu wa kiti, safu ya nyuma. Vyote hivyo niliviacha ili kuulinda mgongo. Mgongo haukupona, na mapaja yakaisha.

Ninayoyaandika hapa ni kwa ajili ya mtu aliyepita njia kama hiyo: ameshapimwa, hakuna ugonjwa wa hatari uliopatikana, ameshaelezwa kwamba maumivu yake yanaendeshwa na ubongo na mfumo wa fahamu, pengine yameshaanza kupungua, lakini akishuka ngazi miguu inatetemeka.

Hatua ya 1: Hakikisha kwanza kwamba hakuna kitu kingine

Usiruke hapa hata kama una haraka. Rudi hospitali kabla ya zoezi lolote ikiwa mguu mmoja tu ndio unaokonda na mwingine uko vilevile, au nguvu zinapungua wiki hadi wiki, au unyayo umeanza kuburuta chini. Vivyo hivyo ukiwa na homa za jioni, jasho la usiku na uzito unaoshuka bila sababu. Kifua kikuu hakikai kwenye mapafu peke yake, hushika pia uti wa mgongo, na huku kwetu hilo lazima liangaliwe. Ukiwahi kuugua saratani, au maumivu yakianza baada ya kuanguka au ajali, mwambie daktari wazi.

Mawili ni ya kukimbilia hospitali siku hiyohiyo. La kwanza ni ganzi sehemu za siri na ndani ya mapaja, pamoja na mkojo au haja kubwa kukutoka bila kujua, au mkojo kugoma kutoka. La pili ni shavu la mguu mmoja kuvimba, likawa na joto na linauma, kwa sababu damu inaweza kuwa imeganda kwenye mshipa. Mguu wa namna hiyo usikubali mtu auchue, hata kama ni bibi anayejulikana mtaa mzima kwa kuchua.

Ukishavuka hapo, endelea bila wasiwasi.

Hatua ya 2: Tenganisha mambo mawili yaliyofungwa pamoja

Jambo la kwanza ni maumivu. Maumivu yanayozidi miezi mitatu huitwa sugu, na orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 inayatambua maumivu sugu ya msingi kuwa ugonjwa unaosimama wenyewe, hata pale ambapo hakuna kidonda wala mfupa ulioharibika wa kuyaeleza. Mtaalamu wa fiziotherapia aliyenisaidia aliyaeleza kwa mfano wa king'ora cha duka. Mwizi alipita mara moja, akaenda zake, lakini king'ora kikabaki kinalia kila paka akipita barazani. Mlio ni wa kweli, masikio yanauma kweli, ila dukani hakuna mwizi.

Na zile pingili? Uchambuzi mkubwa uliotolewa mwaka 2015 ulikusanya picha za migongo ya watu ambao hawaumwi popote. Kati ya wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa, yaani ile mito laini iliyo kati ya pingili. Kwa wenye miaka 80 ilikuwa asilimia 96. Yaani kusagika kwa pingili ni kama mvi. Nilipolisikia hilo nilinyamaza kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeacha kuswali chini kwa sababu ya mvi za mgongoni.

King'ora kinaweza kufundishwa kutulia. Huko Marekani watu 151 wenye maumivu sugu ya mgongo waligawanywa makundi matatu, na matokeo yakachapishwa 2022. Kati ya 50 waliofundishwa kuyatazama maumivu yao upya, kwamba si ishara ya hatari, 33 walimaliza wiki nne wakiwa hawana maumivu au wana kidogo sana.

Jambo la pili ni misuli, na hii haikunywea kwa kufikiri. Imenywea kwa kutotumika. Utafiti wa mwaka 2007 uliwalaza kitandani wazee wenye afya njema kwa siku 10 tu. Walipoteza takriban kilo moja ya nyama ya miguuni. Siku kumi! Mimi nilijilinda miaka miwili.

Kwa nini nasisitiza kutenganisha? Kwa sababu miguu dhaifu hudanganya. Paja lisilo na nyama likipandishwa kilima hutetemeka, huwaka moto, goti hulegea, na ubongo uliokwishazoea hofu husema: unaona, nilikwambia kuna kitu kimeharibika. Hakuna kilichoharibika. Ni mtetemeko uleule wa mtoto wa ng'ombe anayesimama mara ya kwanza. Usipoujua, udhaifu wa misuli unaiwasha hofu, hofu inakurudisha kitandani, kitanda kinakula misuli iliyobaki.

Hatua ya 3: Pima, andika, funga daftari

Azima futikamba kwa fundi yeyote. Kaa kitini, mguu umenyooka na kulegea, weka alama ya kalamu sentimita 15 juu ya pia ya goti, zungusha futikamba hapo bila kuibana. Pima miguu yote miwili. Fanya asubuhi, kabla ya zoezi, na kila mara alama iwe mahali palepale, maana ukipanda sentimita mbili tu juu utajipongeza bure.

Kisha kaa kwenye kiti cha kawaida, kunja mikono kifuani, simama na kukaa mara tano haraka uwezavyo huku mtu anashika saa ya simu. Ikizidi sekunde 15, wataalamu wa misuli huichukulia kuwa dalili ya nguvu kupungua. Mimi nilitumia 22.

Andika tarehe, sentimita na sekunde. Rudia baada ya wiki nne, si kesho. Maumivu usiyaandike. Najua wengine hushauri kuyapa alama sifuri hadi kumi kila siku, nami nilifanya hivyo mwaka mzima. Nikawa naamka na kujikagua kama askari wa getini, na anayetafuta maumivu kila asubuhi huyapata. Daftari hili ni la nguvu.

Hatua ya 4: Anza na kiti

Ukiniuliza zoezi moja tu, nitakwambia kukaa na kusimama. Linachukua paja la mbele, la nyuma na makalio kwa pamoja, na halihitaji shilingi.

Kiti kiegemee ukuta kisiteleze. Kama ni kifupi mno kwako, kipandishe kwa kitenge kilichokunjwa au mto mgumu. Sogea ukingoni, nyayo chini, upana wa mabega, visigino nyuma kidogo ya magoti. Inamisha kifua mbele, simama kwa kusukuma sakafu, usijivute kwa mikono. Kisha kaa polepole ukihesabu moja, mbili, tatu. Kushuka polepole ndiko kunakojenga, na ndiko ambako karibu kila mtu anadanganya kwa kujiangusha. Pumua. Mwenye maumivu sugu hubana pumzi na kukaza taya bila kujijua. Mimi nilikuwa nakaza hata vidole vya miguu.

Idadi ya kuanzia ni nusu ya unachoweza. Ukiweza mara kumi kabla ya kuchoka kabisa, anza na tano, pumzika dakika mbili, rudia, jumla raundi tatu. Fanya siku tatu kwa wiki zilizoachana, mfano Jumamosi, Jumatatu na Jumatano. Wiki mbili za mwanzo utaona ni kidogo mno. Vumilia. Kazi yake ni kuuonyesha ubongo kwamba goti limekunja, limenyooka, na hakuna lililotokea.

Kosa linalotuangusha wengi ni la siku nzuri. Unaamka huna maumivu, unafurahi, unafua, unapanda Mwanga kwa miguu, unafanya raundi sita, halafu siku tatu uko kitandani. Panga idadi mwanzoni mwa wiki na uifuate siku nzuri na siku mbaya vilevile.

Kuanzia wiki ya tatu ongeza mara moja au mbili kila wiki. Ukifika raundi tatu za mara 12 na bado unahisi ungeweza nyingine tano, idadi imeshatosha, sasa weka uzito, kwa sababu misuli haikui kwa kurudia jambo jepesi. Dumu la lita tano lenye maji ni kilo tano, likumbatie kifuani. Uzito uwe wa kukufikisha mahali ambapo ukimaliza raundi unajua ungeongeza mara mbili au tatu tu. Hapo ndipo nyama inapoitwa.

Mengine mawili ya kuongeza: kuinuka kwa vidole vya miguu ukishika ukuta, kwa ajili ya mashavu ya miguu, na kulala chali kwenye mkeka magoti yamekunjwa, ukinyanyua nyonga hadi mwili unyooke kutoka bega hadi goti. Baadaye kupanda na kushuka ngazi moja ya barazani, mguu mmoja mmoja. Yatosha.

Mtu asikwambie umri umepita. Mwaka 1990 huko Boston wakazi kumi wa nyumba ya wazee, wastani wa umri wao miaka 90, walifundishwa mazoezi ya uzito ya mapaja kwa wiki nane, na nguvu zao zikaongezeka zaidi ya mara mbili.

Hatua ya 5: Jifunze kuujua uchungu wa misuli

Hapa ndipo nilipokaribia kuacha, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Asubuhi ya pili baada ya raundi zangu za kwanza zenye uzito, mapaja yalikuwa yamekaza, kushuka kitandani shida. Moyo ulinipiga. Nikaona nimeuamsha ugonjwa. Bibi wa jirani, aliyelima muhogo maisha yake yote, alinikuta nimeshika nguzo ya kibaraza.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Mbona umesimama hivyo?”

“Mapaja bibi. Jana nilifanya mazoezi, leo hayashikiki.”

“Yanauma kama siku ya pili ya jembe, au yanauma kama ugonjwa wako?”

Sikuwa na jibu, ikabidi nijichunguze. Nikagundua ni kama jembe. Swali lile nimelitumia mpaka leo.

Uchungu wa misuli iliyofanya kazi huanza saa kadhaa baadaye, hufika kileleni kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha huondoka wenyewe. Hukaa kwenye nyama uliyoitumia, pande zote mbili sawa. Ukiugusa unauma, ukitembea kidogo unalegea. Maumivu ya king'ora hayana adabu hiyo. Yanahama, yanachoma au kuwaka hata sehemu usiyoitumia, yanakuja ukikumbuka deni la kikoba, yanapotea katikati ya harusi ya mdogo wako, yanarudi ukiwa ndani ya daladala. Kuhamahama huko, ambako zamani kulinitisha, sasa nakuchukua kama ushahidi: mfupa uliovunjika haujui kwamba leo kuna harusi.

Uchungu wa jembe ukiwa mwepesi, fanya zoezi lako kama kawaida. Ukiwa mkali, subiri siku moja, tembea, punguza uzito wiki hiyo. Lakini goti likivimba, au maumivu makali yakachoma sehemu moja wakati wa tendo lenyewe na yasitoke kwa siku kadhaa, hilo si jembe wala king'ora. Nenda ukaangaliwe.

Hatua ya 6: King'ora kikilia katikati ya zoezi

Kitalia. Usikimbie, wala usikaze meno kupambana nacho. Kaa kitini. Toa pumzi ndefu kuliko unavyoivuta, mara nne au tano. Kisha peleka akili mahali panapouma, upaangalie kama unavyoangalia mawimbi ukiwa mwaloni, bila kutaka yaache. Pana moto au ubaridi? Pamekaza au panachezacheza? Ukubwa wake ni wa kiganja au wa kidole? Mimi hujiambia kwa sauti ndogo, “Nimekusikia. Nimepimwa, mguu huu ni mzima.” Baada ya dakika mbili fanya hata mara moja zaidi, polepole, bila uzito, ndipo umalize. Hiyo mara moja ndiyo somo la siku. Ukiondoka wakati wa hofu, ubongo unaandika kwamba kiti ndicho kilichokuwa hatari.

Nami nilikuwa na jambo la moyoni ambalo halikutoka kwa mazoezi. Maumivu yangu yalianza miezi miwili baada ya kumzika mama, na mazishi yake niliyasimamia bila kutoa chozi kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Nililia siku nilipomsimulia kaka yangu, miaka miwili baadaye. Sisemi kila mtu ana la kulia. Kama unalo, mtafute mtu wa kumwambia, uendelee na kiti vilevile.

Kama unatumia vidonge vya maumivu kila siku, panga na daktari namna ya kupunguza. Usiviache vyote kwa siku moja kwa ujasiri wa mazoezi.

Hatua ya 7: Chakula

Anayejenga misuli anahitaji takriban gramu 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, hata kufika 1.6. Mtu wa kilo 60 ni gramu 72 kwa kuanzia. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza.

Tatizo letu Kigoma ni ugali wa muhogo. Unashibisha vizuri, lakini gramu 100 za unga wake zina protini ya gramu 1 au 2 tu. Ukila bonge kubwa na mchuzi wa mawese wenye dagaa watano, umeshiba na paja halijapata kitu. Usiuache ugali, geuza sahani: mboga iwe kubwa.

Bahati yetu ni Ziwa Tanganyika. Konzi moja ya dagaa wakavu, kama gramu 30, ina protini ya gramu 15 hadi 18. Kipande cha mgebuka, samaki wa ziwa letu, cha gramu 100 kina kama 20. Mayai mawili 12, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, glasi ya maziwa 8, konzi ya karanga 7. Kwa hiyo maziwa na mayai mawili asubuhi, maharage na konzi ya dagaa mchana, mgebuka jioni: umefika 70 na ushei. Gawanya hivyo katika milo mitatu badala ya kurundika usiku. Dagaa waliotiwa chumvi waoshe vizuri, hasa ukiwa na presha.

Mbalamwezi ikiwa kali, wavuvi wa taa hupumzika na dagaa hupanda bei pale Kibirizi, basi nunua mapema uweke akiba. Na ziwa likifungwa watu wasivue, kama ilivyokuwa 2024 kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, maharage ya Kasulu na karanga ndiyo yanayobeba. Mimi katika miezi hiyo nilikula maharage mara mbili kwa siku na futikamba haikurudi nyuma.

Hatua ya 8: Rudisha vitu ulivyoviacha, kimoja kimoja

Andika orodha ya yote uliyoacha, ukianza na lisilokutisha sana. Yangu ilikuwa: kuchuchumaa chooni bila kushika ukuta, kukanyaga cherehani, kuswali chini, kupanda Mwanga.

Cherehani nilianza dakika tano kwa saa ya simu, nikasimama hata kama kipande hakijaisha, nikaongeza dakika mbili kila siku ya tatu. Kwa mlima, nilipanda bodaboda hadi juu na kushuka kwa miguu. Ukijaribu hivyo kumbuka kwamba kushuka ndiko kunakoleta uchungu wa jembe mkali zaidi, kwa hiyo anza na robo ya njia.

Swala ilichukua muda mrefu kuliko yote. Faraja ni kwamba rakaa za faradhi kwa siku ni 17, na kila moja ina kuinama, kusujudu na kuinuka, kwa hiyo anayeswali kwenye sakafu ana zoezi la mapaja tayari. Nilianza na alfajiri peke yake, rakaa mbili chini, nyingine zote kitini. Baada ya wiki mbili nikaongeza magharibi. Kwa asiyeswali hivi, kukaa mkekani na kuinuka bila kushika kitu hufanya kazi ileile.

Wiki zitaharibika. Malaria ikikupata, pumzika mpaka dozi iishe na hamu ya chakula irudi, halafu anza na nusu ya idadi uliyoachia. Kwenye msiba wa siku tatu, kaa na kuinuka mkekani inatosha. Mwezi wa Ramadhani mimi hufanya zoezi saa moja na nusu baada ya futari, raundi mbili badala ya tatu, na daku halikosi mayai.

Usitazame paja kabla ya wiki ya nane. Nguvu za wiki za mwanzo hutoka kwenye mishipa ya fahamu inayojifunza upya kuiita misuli, na nyama yenyewe hufuata polepole. Wiki ya nne sekunde zangu zilishuka kutoka 22 hadi 16 wakati futikamba imesimama palepale. Wiki ya 12 ilisoma 49. Sasa ni mwezi wa tisa na inasoma 51, sekunde 11, dhuhuri naswali chini, alasiri na isha bado nakaa kitini. Alasiri naiongeza Jumamosi.